Mama Futi na Ncha ya Pili ya Shuka

Hebu mwone akija. Usimtafute ndani ya gari, kwa sababu hana. Mtafute kwa miguu, upande wa kivuli wa barabara. Viatu vyeusi vya kamba, visigino vimelika upande mmoja, vinatembea taratibu kama vinahesabu. Na kweli vinahesabu. Begani ana mkoba wa ngozi uliochoka, na shingoni, mahali ambapo wanawake wa umri wake huvaa mkufu, ananing'iniza futi kamba ya fundi cherehani, ya manjano, tarakimu zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Akifika kwenye lango la kiwanda chochote, mlinzi humwambia, "Mama, mafundi wa kushona wanapitia mlango wa nyuma." Naye hujibu, "Mimi sishoni nguo, baba. Nashona watu na kazi zao." Kisha hucheka peke yake, maana kichekesho hicho amekisema mara elfu na bado kinamfurahisha.

Huyo ndiye Mama Futi. Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini ukiliulizia ofisini kwao watu watatazamana. Ulizia Mama Futi, na hata anayeuza magazeti ngazini atakuonyesha: ghorofa ya pili, mlango wa tatu, karibu na choo kisichofungika.

Kazi yake nitakueleza kwa kifupi. Mtu akiumia kazini, au akiugua hadi mwili ukabadilika, daktari humtibu mpaka mahali fulani kisha humwacha hapo. Jeraha limepona, lakini mtu bado yuko nyumbani. Anaogopa kurudi, au mwajiri anaogopa kumpokea, au wote wawili wanaogopana kwa barua. Hapo ndipo anapoitwa Mama Futi. Anakaa na mtu, anamsikiliza, anamshauri, anamrudisha kazini kidogo kidogo, saa mbili leo, saa nne wiki ijayo.

Chumba chake kina viti vinne, na hakuna viwili vinavyolingana kimo. Wageni hudhani ni umaskini wa ofisi. Sivyo. Ukiingia, yeye hukaa kimya akitazama utachagua kipi na utainukaje. Pembeni ana vifuko vya mchanga vilivyoandikwa uzito wake kwa kalamu nyekundu, kipande cha mbao kilichopigiliwa kitasa cha mlango, na makopo yenye vifuniko vigumu. Hakuulizi unaumwa wapi. Hilo, husema, ameshakuuliza daktari. Yeye anakuuliza: "Ukifika kazini asubuhi, kitu cha kwanza unachokishika ni nini?"

Nimewaona watu wazima wakilia kwa swali hilo. Dereva mmoja alijibu "funguo", akashindwa kuendelea.

Futi kamba ile ilikuwa ya mama yake, fundi wa kushona nguo. Baba yake alikuwa mpakiaji wa mizigo maghalani. Siku moja gunia lilimteleza begani, likaondoka na mgongo wake. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha miaka kumi na mmoja. Mzee yule alilijua kila ghala la mji: lipi linavuja, lipi lina panya, lipi mlango wake unakwama masika. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumuuliza. Binti yake, akiwa na miaka kumi na miwili, alitumwa ghalani kupeleka barua, akamwona karani ameketi akihesabu magunia yanayopita. Alikuwa na futi kamba ya mama yake mfukoni. Akapima kiti cha karani. Akarudi nyumbani mbio, akapima kiti cha dirishani.

"Baba," akasema, "kiti chako na cha karani vinalingana!"

Baba yake alicheka sana, kisha akanyamaza, na akanyamaza mpaka jioni. Mama Futi husema kwamba kazi yake yote ni kujibu ule ukimya.

Na ana sharti moja ambalo limewachosha mabosi wengi: hamwambii mtu arudi kazini kabla yeye mwenyewe hajaifanya kazi hiyo siku nzima. Amebeba matofali, amepanga barua, amesimama duka la nyama na panga mkononi mpaka wateja wakahamia duka la pili. Muuza nyama yule bado anasimulia, na kila mwaka anaongeza chumvi.

Sasa nikupe kisa kimoja, maana ukiniachia nitakupa kumi.

Hospitali kubwa ina idara ya kufulia, na idara hiyo ina upande wa maji na upande wa moto. Upande wa maji ni mapipa ya chuma yanayozunguka kwa kelele, huwezi kusikia hata jina lako. Upande wa moto kuna mashine ya kupigia pasi mashuka: rola refu kama mtu aliyelala, la moto, linalovuta shuka bichi mdomoni na kulitoa nyuma limenyooka na linafuka mvuke. Wafanyakazi waliiita Bibi Moto. Shuka likitoka, linakunjwa na watu wawili, huyu ncha hizi, yule ncha zile. Wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Wawili hao huitwa pacha. Pacha wanapangwa siku ya kwanza na wanaweza kukaa pamoja miaka, mpaka hawahesabu tena, hawaambiani "sasa". Mmoja akipumua, mwenzake ameshapiga hatua.

Palikuwa na pacha wawili waliosifika pale miaka tisa. Mmoja aliitwa Mnyoofu, kwa sababu shuka alilolikunja ungeweza kuchorea mstari. Mwenzake aliitwa Chiriku, na huyo jina lake halihitaji maelezo: alikuwa anaongea tangu koti linavaliwa asubuhi mpaka linavuliwa. Mnyoofu alinyoosha, Chiriku aliongea, na mashuka yakatoka.

Siku moja walikuwa kwenye mdomo wa Bibi Moto wakilisha mashuka. Chiriku alikuwa anasimulia kisa cha mama mkwe wake, amefika pazuri, wote wawili wamevunjika mbavu. Shuka likajikunja. Mnyoofu akanyoosha mkono wa kushoto kulirekebisha kama alivyofanya kila siku, na pindo la shuka likamzunguka kidole. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa upande wa Chiriku, ukutani. Chiriku aliruka. Lakini mashine ilipozimika, vidole viwili vilikuwa vimekwenda, na vilivyobaki vilipona vikiwa vimejikunja kama vinashika kitu kisichokuwepo.

Miezi mitano baadaye faili likafika mezani kwa Mama Futi. Juu yake msimamizi wa idara, mwanamume mpole mwenye harufu ya sabuni hata Jumapili, alikuwa ameandika kwamba miezi sita ikitimia bila mfanyakazi kurudi, nafasi yake itatangazwa. Ndiyo kanuni ya hospitali.

Mama Futi alifanya kama kawaida yake. Alivaa koti la bluu akafua siku nzima. Alipima meza, rafu, urefu wa mashuka, uzito wa toroli likiwa tupu na likiwa limejaa. Kisha akamwita Mnyoofu kwenye chumba cha viti vinne.

"Ukifika asubuhi, kitu cha kwanza unachokishika ni nini?"

"Shuka," akasema Mnyoofu.

"Na sasa hivi nikikutajia Bibi Moto, unasikia nini?"

Machozi yalimtoka tu, hata hakuyafuta.

Mama Futi akaandika kwenye daftari: anaogopa mashine. Ungekuwa wewe ungeandika hivyo hivyo, na mimi pia. Akamtafutia kazi mbali na mashine: dirisha la stoo, kupokea mashuka yaliyokunjwa, kuyahesabu na kuyapeleka wodini. Kiti alikichagua mwenyewe. Meza ilikatwa miguu hadi sentimita sabini na nne. Kalamu ilifungwa kamba upande wa kulia. Kila kitu kilimkaa Mnyoofu kama nguo iliyoshonwa kwa mwili wake.

Siku ya kwanza wenzake walimpigia makofi. Siku ya pili walimletea chai kabla hajaiomba, na akipita karibu na Bibi Moto walikuwa wanaizima, jamani, kwa heshima. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ile meza ya sentimita sabini na nne, akaenda zake nyumbani. Siku ya nne hakuja.

"Mimi simfukuzi, Mama," msimamizi alimwambia Mama Futi, amekamata kofia yake kwa mikono miwili. "Lakini zimebaki siku tisa. Zikiisha, barua inaandikwa juu huko, na huko juu mimi ni nani?"

"Alisema nini akiondoka?"

"Alisema mashuka yamepinda."

Mama Futi alikwenda nyumbani kwa Mnyoofu mchana huohuo. Mbele ya nyumba alimkuta mume wa Mnyoofu, fundi baiskeli, ameipindua baiskeli ya mtu magurudumu juu.

"Karibu, Mama. Mgonjwa wetu yuko nyuma anaanua nguo. Mimi nimeshajaribu kila kitu. Nimempikia. Nimemwimbia."

"Akasemaje?"

"Akasema afadhali kupika."

Nyuma ya nyumba, Mnyoofu alikuwa anavuta shuka kwenye kamba kwa mkono mmoja na meno. Alipomwona mgeni aliachia meno haraka.

"Shikamoo, Mama. Umekuja kunigombeza."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Meza ina kasoro?"

"Meza nzuri."

"Kiti?"

"Kiti kizuri sana. Kama cha nyumbani."

"Wenzako wamekusema?"

"Wananibeba kama yai, Mama. Sijawahi kupendwa hivi tangu nizaliwe. Inachosha."

Mama Futi alishika ncha mbili za shuka, akarudi nyuma, akasema, "Haya, tukunje." Mnyoofu alisitasita. Kisha akashika ncha zake, moja kwa mkono wa kulia, nyingine akaibana kati ya dole gumba na kiganja cha ule mkono mbaya. Ikakaa. Wakanyoosha. Mama Futi akaenda mbele wakati wa kurudi nyuma, akarudi nyuma wakati wa kwenda mbele, shuka likatoka limejiviringa kama mkia wa mbuzi.

Na Mnyoofu akacheka. Mumewe alikisikia kicheko kile akaangusha spana.

"Wewe Mama, unakunja kama mtu anayefukuza kuku!"

"Basi nifundishe. Wewe na mwenzako mlikuwa mnahesabu vipi?"

"Hatukuhesabu," akasema Mnyoofu. Kicheko kikaondoka usoni polepole. "Chiriku na mimi hatukuhesabu." Akalikunja upya lile shuka, akilipiga na kulinyoosha kuliko lilivyohitaji. "Miezi mitano na nusu, Mama. Mtu umeshika naye shuka miaka tisa. Hata salamu. Nililala wodini, kila mlango ukifunguka nasema ni yeye. Sasa nakaa pale dirishani, naona watu wanakunja, na yeye amejificha upande wa maji nyuma ya mapipa. Nikamwona jana. Akageuza uso. Kama amepata pacha mwingine, si aseme?"

Mama Futi aliniambia baadaye kwamba pale pale uani alitamani ardhi impokee. Alikuwa amepima meza na miguu ya meza. Shuka alilipima urefu na upana, akaandika kwenye daftari, na hakuuliza nani anashika ncha ya pili.

Kesho yake alikwenda upande wa maji.

Chiriku aliyemkuta hakuwa chiriku. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyesimama mbele ya pipa linalozunguka, mdomo ameufunga kama mkoba. Mama Futi alilazimika kumvuta mpaka kwenye varanda ya nyuma, palipo na ndoo zilizopasuka.

"Niliomba mwenyewe kuhamishwa," Chiriku akasema. "Huku kuna kelele. Hakuna wa kuongea naye."

"Na kukunja?"

"Sikunji tena."

"Mwenzako anadhani umepata pacha mwingine."

Chiriku alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Mimi? Mama, nilikuwa nasimulia! Yeye mkono unaingia, na mimi mdomo wangu uko wazi, nacheka na kisa cha mama mkwe. Kama ningefunga huu mdomo, ningeona. Ningefika kwenye kitufe. Nitakwenda kumwambia nini? Nikuletee maziwa, mgonjwa, vidole nimekula mimi?"

Kuna washauri ambao hapo wangesema maneno matamu. Mama Futi alitoa futi kamba shingoni. Akaenda kwa msimamizi, akaomba Bibi Moto iwashwe bila kazi yoyote wakati wa mapumziko, watu wakae mbali. Akaazima saa ya ukutani, akaishusha, akaiweka juu ya meza ahesabu sekunde. Akachukua shuka kuukuu, akalishonea kitambaa chekundu kwa uzi, hapo hasa ambapo mkono ulikuwa siku ile. Akamwita Chiriku asimame mahali pake pa zamani. Mahali pake palikuwa kama siku zote: mbele mdomo wa mashine, kushoto toroli lililojaa mashuka mabichi, ng'ambo ya toroli ukuta, na ukutani kitufe chekundu.

"Kutoka hapa unaposimama," akasema Mama Futi, akiitandaza kamba sakafuni, akiipitisha kuzunguka toroli kama miguu inavyozunguka, "mpaka kwenye kitufe, ni mita mbili na sentimita arobaini. Sasa funga mdomo. Usiwaze mama mkwe wala mama mzazi. Tazama kitambaa tu. Kikigusa rola, kimbia."

Wakalisha shuka. Kitambaa kikagusa. Chiriku akaruka, akazunguka toroli, akapiga kitufe. Mashine ikazimika. Wakaangalia: kitambaa hakipo, kimeshamezwa.

"Tena."

Mara ya pili Chiriku alivua viatu. Kitambaa kikamezwa. Mara ya tatu alikimbia mpaka akajigonga bega ukutani, na watu waliokuwa wakitazama kwa mbali wakapiga kelele, "Kimbia, Chiriku, kimbia!" Kitambaa kikamezwa.

Akabaki amesimama na kiganja juu ya kitufe, anahema.

"Ulifunga mdomo?" akauliza Mama Futi.

"Nilifunga."

"Ulitazama?"

"Sikupepesa."

"Basi."

Aliizungushia kamba yake kidoleni, akamgeukia msimamizi, na hapo sauti yake ikabadilika. "Kitufe hiki mtakileta huku, mahali mtu anapokifikia kwa kiwiko. Na kamba ya kuvuta, kutoka mwisho huu wa mashine hadi ule, ili yeyote aliye karibu aikamate. Si mwezi ujao." Msimamizi aliivaa kofia yake, akaivua, akaenda kumtafuta fundi umeme.

Kilichotokea jioni ile alinisimulia fundi baiskeli, aliyekuwa amejibanza nyuma ya gurudumu. Anasema aliogopa hata kukohoa. Chiriku aliingia uani mikono mitupu, bila hodi, yeye ambaye hodi yake ilikuwa inasikika mitaa miwili. Mnyoofu alikuwa kwenye kamba ya nguo. Wakaonana. Chiriku akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Akatembea mpaka kwenye kamba, akashika ncha mbili za shuka.

Wakalivuta. Likanyooka. Wakakutana, wakaachana, wakakutana. Hakuna aliyehesabu.

La pili. La tatu. Kwenye la nne, Mnyoofu, bila kuinua macho, akauliza:

"Yule mama mkwe wako. Ilikuwaje mwisho?"

Fundi baiskeli anasema Chiriku alikaa chini palepale juu ya beseni la maji, akalia kilio cha miezi mitano na nusu. Halafu, akiwa bado amekaa ndani ya maji, akamalizia kile kisa, na anasema hajawahi kuona watu wawili wakicheka vibaya namna ile. Kisa chenyewe hakielezeki mbele ya watu, lakini kina kuku ndani yake.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Mnyoofu aliandikishwa kurudi upande wa moto, saa mbili kwa siku kwanza. Kwenye meza ya kukunjia Mama Futi alipigilia kibanio cha mbao kwa ajili ya ncha ya kushoto. Mnyoofu alikitumia wiki moja kisha akakiacha. Barua ya juu haikuandikwa. Kamba ya kuvuta ilifungwa kwenye Bibi Moto, nyekundu, na sauti ya Chiriku ikarudi kwenye idara hadi watu wa upande wa maji wakaomba angalau wapumzishwe Ijumaa.

Ungedhani nimemaliza. Lakini Mama Futi ana desturi ya kurudi baada ya miezi mitatu, akishapoa kila mtu, kuona kama mshono umeshika. Alikwenda wakati wa chai. Mashine imezimwa, wengine wako varandani, Chiriku anasikika kutoka huko akimwiga msimamizi. Mnyoofu alikuwa peke yake ndani. Wakasalimiana, wakashika shuka. Mama Futi alikuwa ameshajifunza kidogo, halikujiviringa sana.

"Mama," akasema Mnyoofu kwa sauti ya chini, "wameniambia ulivyopima. Kamba ikazunguka toroli."

"Ndiyo."

"Siku ile toroli halikuwepo."

Mama Futi aliendelea kushika ncha zake.

"Nilikuwa nimelisukuma mlangoni mwenyewe, dakika chache kabla, nipate nafasi. Nakumbuka kama jana. Njia ya kwenda kwenye kitufe ilikuwa wazi."

Nje, watu walicheka kwa kitu alichosema Chiriku.

"Mimi nilipima nilichokikuta," akasema Mama Futi. Kisha, baada ya kukunja mara moja: "Niliulizia kwanza kama toroli hukaa pale. Wakasema hukaa siku zote. Sikuuliza kuhusu siku ile."

"Ulisahau?"

Mama Futi ni mtu ambaye amewahi kurudi kiwandani kwa miguu kwa sababu ya nusu sentimita. Hakusema amesahau, na hakusema hakusahau. Alilitazama lile eneo la sakafu kati ya mashine na ukuta, mahali kitufe kilipokuwa zamani, pamebaki matundu mawili ya skrubu. Leo pia halikuwepo toroli. Mkono wake ukapanda shingoni, kwenye futi kamba.

"Bila toroli ni kiasi gani?" akauliza Mnyoofu. "Angewahi?"

"Sijapima."

"Basi usipime."

Mkono ukashuka.

Hapo ndipo mahali pekee, katika miaka yake yote ya kazi, ambapo Mama Futi amekiri kwangu kwamba alikuwa na kamba, ana nafasi, ana nusu saa, na akaondoka bila kupima. Lakini aliponisimulia hakuwa anajiwazia yeye. Alikuwa anawawazia wale wawili, kwa sababu Mnyoofu alikuwa ameongeza neno moja kabla hawajaachana.

"Mimi nimeshalifunga," alisema. "Yeye ndiye halimwishi. Siku hizi analala, anakula, anaongea kama zamani, unamsikia mwenyewe. Lakini jana, shuka likiwa katikati, alinyamaza ghafla, akaniuliza: 'Pacha, wewe una kumbukumbu nzuri. Siku ile, toroli lilikuwepo kweli?' Nikajifanya sikusikia. Ataniuliza tena, Mama. Namjua. Ataniuliza kesho."

Miaka tisa hawajawahi kudanganyana, hata kuhusu mama mkwe. Na wakikunja wanatazamana usoni, hatua moja tu kati yao.

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, shika ncha za Mnyoofu kidogo. Chiriku anakuja mbele na zake, macho kwa macho, na ameuliza. Utamjibu nini?